Wawili na Koti

Ukitaka kumkasirisha Pindo, mwambie kwamba mafundi cherehani ni waongo. Atakutazama toka utosini mpaka unyayoni, kama anayekupima suruali, kisha atakujibu: "Mimi sidanganyi. Mimi nasema njoo kesho. Tatizo lenu mnakuja kesho hiyohiyo." Na kweli, katika mtaa mzima hakuna aliyewahi kupata nguo yake kwa Pindo siku aliyoahidiwa. Ila pia hakuna aliyewahi kuirudisha. Cherehani aliirithi kwa mama yake, chumba alikirithi kwa mama yake, na hata jina la utani alilipata kwa mama yake, maana utotoni kazi yake ilikuwa kukaa chini ya meza na wembe akifumua mapindo ya nguo kuukuu. Nywele zimeingia mvi na bado anaitwa Pindo.

Chumba kina mlango wa barabarani na mlango wa ndani anakoishi na mumewe. Kuna meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na kabati la mbao ambalo mlango wake haukubali kufunga mpaka uukabe na kitambaa. Na kuna sheria moja, nayo pia ya mama: nguo inarudi mikononi mwa aliyeileta, si kwa mwingine. Hiyo sheria ilizaliwa siku ambayo mama alimpa mke wa mtu suti ya mumewe ambayo, kumbe, ilishonwa kwa ajili ya kuolea mke wa pili. Duka nusura lichomwe. Tangu hapo, aliyeleta ndiye anayechukua. Akifa, basi mrithi wake.

Sasa, watu hawa wa Pindo si wenyeji wa mji huu. Walikimbia kwao serikali ilipopinduliwa, wakaja hapa na mabunda yao, wakapanga vyumba, wakatafuta vibarua, na kwa kuwa binadamu hawezi kukaa bila kutawaliwa, wakaja na serikali yao vilevile. Ilikuwa na rais, makamu, spika na mawaziri, wote katika vyumba vya kupanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukitaka kumwona waziri wa fedha unapita kwanza kwenye mabati na misumari. Chini pale mlangoni alikaa mume wa Pindo, ambaye kila mtu alimwita Bawabu, mtu mpole, mwenye funguo nyingi kuliko milango. Na juu, kwenye ofisi ya Spika, alikaa mdogo wake Pindo, Katibu, ambaye hakuoa, hakujenga, na mchana na jioni alikula kwa dada yake kana kwamba imeandikwa kwenye katiba.

Familia hii iliheshimiwa, na sababu ya heshima ni koti.

Kule kwao rais hakuwa rais mpaka aape akiwa amevaa Koti la Kiapo. Lilikuwa jeusi, refu, lenye kola ya kusimama, na lilipokezwa toka kwa mkubwa hadi mkubwa. Mama yake Pindo alikuwa fundi wa ikulu, na ndiye aliyelitunza. Siku ya mapinduzi, wanajeshi walilitafuta kila chumba wasilione, kwa sababu mama alikuwa amelifunga tumboni chini ya gauni, akatoka nalo kama mjamzito. Mumewe alibaki huko na hakuonekana tena. Pindo mwenyewe alikuwa ametangulizwa mapema kwa shangazi yake hapa mjini, kabla mambo hayajachafuka, kwa hiyo yeye hakuona safari. Aliyeiona ni mdogo wake, ambaye alitembea njia nzima ameshika gauni la mama. Mpakani askari waliona mjamzito na mtoto, wakaona haya, wakawapisha.

Mama alipofika alisema koti limelowa jasho na mvua, linahitaji kurekebishwa. Ilichukua miezi. Halafu siku moja, kwenye ukumbi wa kukodi, Rais akatokea amelivaa, akaapa upya, na watu wazima wakalia kama watoto. Kila mwaka siku ya kumbukumbu Rais alipita mbele na koti lile, na kila mwaka mama alilia, akiwa kiti cha mbele, na watu wakampigia makofi kwa uzalendo wake.

Mdogo wake Pindo aliifanya ile habari kuwa utani wake. Mtu akimuuliza kwao mmezaliwa wangapi, alijibu, "Tumbo moja tumetoka wawili na koti." Aliusema shuleni, akausema kwenye mazishi ya mama mwenyewe, watu wakacheka katikati ya machozi, na baadaye akausema kazini. Baada ya mazishi hayo Pindo ndiye aliyemsomesha kwa cherehani ileile, akampigia pasi mashati, akamgombeza, akamlea. Mume unaweza kumpata ukubwani. Ndugu wa tumbo moja hauzwi dukani.

Basi, Mzee, maana Rais naye alishakuwa Mzee, alikuja mwenyewe kwenye chumba cha Pindo siku moja asubuhi akiwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Alilivua koti akaliweka mezani polepole.

"Mwanangu, nipunguzie ubavuni," alisema. "Ubavuni tu. Mgongoni usiguse. Mama yako alinitendea jambo kubwa sana, na mgongo huo ni wake."

Pindo aliona ni maneno ya mtu mzima anayechoka. Akamwambia aje kesho. Mzee akacheka, akasema anaijua kesho ya nyumba hii. Hiyo kesho haikumkuta. Alifariki koti likiwa bado kabatini, halijaguswa hata na chaki.

Hapo ndipo kichwa cha Pindo kilipoanza kuuma, na hakijapoa mpaka leo.

Makamu alisema yeye ndiye rais, kwa sababu katiba inasema rais akifa makamu anashika. Kitu rahisi, hata mtoto anaelewa. Bawabu alikielewa, akamweleza mkewe wakati wa chai, na Pindo naye akaelewa, akasema kumbe hakuna shida. Mchana akaja Katibu, akanawa mikono, akaeleza kwamba muda wa Makamu uliisha zamani, na mtu ambaye muda wake umeisha si makamu, na rais akifa bila makamu anayeshika ni Spika. Pindo akaelewa na hilo. Akaelewa sana. Akabaki na mawili yaliyoeleweka lakini yasiyokaa chungu kimoja.

"Na muda wa Spika je?" aliuliza jioni, wanaume wote wawili wakiwa mezani.

"Uliisha siku ileile na wa Makamu," alisema Bawabu kwa raha.

"Uliongezwa," alisema Katibu.

"Na nani?"

"Na Bunge."

"Bunge ambalo muda wake uliisha," alisema Bawabu.

"Shemeji, Bunge lilijiongezea muda kabla muda haujaisha."

"Na wa Mzee je?" aliuliza Pindo. "Mzee muda wake uliisha lini?"

Bawabu akasema muda wa Mzee ulisimama, kwa sababu nchi ilisimama. Katibu akasema haukusimama, uliongezwa. Wakaanza kubishana kama muda ni kitu cha kusimama au cha kuongezwa, na chakula kikapoa. Pindo aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, akaona wote wana macho ya watu wanaosema kweli. Ingekuwa mmoja ni mwongo angejua pa kushika. Alikwenda kulala akiwa upande wa mumewe, akaamka akiwa upande wa mdogo wake, na alipomaliza kupiga mswaki hakuwa upande wowote.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na vile vyumba juu ya duka la misumari havikuwa hata zizi. Spika akahama na watu wake, akapanga nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Watu wakagawanyika. Waliokuwa wakisalimiana wakaanza kukohoa wakipishana. Kila upande ulipanga siku ya kiapo, na kila upande ukakumbuka kitu kimoja: koti liko kwa Pindo.

Makamu alikuja kwanza, ameletwa na Bawabu. Ni mtu mfupi, msafi, anayenukia sabuni. Aliinua mikono apimwe kabla hajaambiwa. "Mama, mimi ndiye mrithi," alisema kwa upole, na Pindo alipomtazama machoni akaona ni kweli. Akaandika vipimo kwa chaki pembeni ya meza. Kesho yake akaja Spika na Katibu. Spika ni pande la mtu, kifua kilimaliza tepu ikabidi iunganishwe na kipande cha uzi. "Dada yangu," alisema, huku jasho likimtoka, "usione nalitamani. Mimi nalibebea wananchi." Na hapo pia Pindo akaona ni kweli. Kila mmoja aliuliza lini. Kila mmoja aliambiwa kesho.

Sheria ya mama ilisema nguo ya marehemu apewe mrithi. Haikusema mrithi wa rais ni nani. Mama hakuwaza mbali hivyo.

Siku moja Katibu alikuja mchana, asinawe mikono. Alisimama mlangoni.

"Dada, nakuambia kwa heshima. Koti likitoka humu likaenda kwa Makamu, mimi sitakanyaga tena hapa. Mama hakulibeba tumboni ili liende kwa mtu ambaye muda wake umeisha."

"Unaniacha kwa ajili ya nguo?"

"Si nguo. Ni mama."

Akaondoka bila kula, na sahani yake ikabaki imefunikwa mpaka jioni. Pindo aliitazama akaogopa. Watoto wake mwenyewe wameshaoa na kuolewa mbali. Huyu ndiye mtoto aliyebaki kuja kuuliza kuna nini cha kula. Na mumewe je? Bawabu hakusema atahama. Bawabu alisema tu, "Mke wangu, fanya unavyoona," na kwa mtu aliyeishi na Bawabu hayo ni maneno mazito kuliko kelele.

Ndipo alipoamua kufanya ujanja wa fundi. Atashona koti la pili. Moja la mfupi, moja la pande la mtu, yafanane kama mapacha, kila mmoja apewe lake aambiwe ndilo. Lipi la kweli, Mungu atajua. Alinunua kitambaa cheusi kinachokaribia, akafunga mlango wa barabarani mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea, akalitoa koti kabatini akalilaza mezani kifudifudi. Ili apate ramani yake ilimbidi alifumue. Alikumbuka maneno ya Mzee. Akasema, "Nisamehe, baba," akashika wembe, akaanza na mshono wa mgongo.

Kitu cha kwanza alichokiona ni fundo dogo la uzi wa samawati mwishoni mwa mshono, upande wa ndani ambako hakuna anayeona. Hiyo ilikuwa alama ya mama. Kila nguo aliyoishona aliifunga hivyo, ati nguo ijue ilikotoka. Pindo alitabasamu. Mama alikuwa fundi wa ikulu, bila shaka alilitia mkono kule kule. Akaendelea kufumua. Bitana ikaachia, mgongo ukafunguka vipande viwili, na pembeni mwa kipande, pale kitambaa kinapokunjwa ndani ya mshono, akaona ukingo wenye maandishi ya kufumwa kwa uzi mweupe.

Lilikuwa jina la kiwanda cha nguo cha hapa mjini. Kile kilichofungwa siku nyingi, ambacho mama alifanya kazi ya kufunga marobota alipofika tu, akawa anarudi na vipande vyenye kasoro.

Pindo alikaa. Akasimama. Akafumua mkono mmoja wa koti, akakuta ukingo uleule, na fundo lilelile la samawati. Akafumua kola. Kitambaa kilikuwa kimoja, mkono wa fundi ulikuwa mmoja, na vyote vilikuwa vya hapa. Hili koti halikuvuka mpaka wowote. Lilizaliwa humu chumbani, juu ya meza hii.

Akili ilimruka. Ina maana Mzee alijua? Ndiyo, alijua, ndiyo maana ya mgongoni usiguse. Basi Mzee alikuwa rais au hakuwa? Na wale wawili wanagombania nini? Na mama, mwanamke ambaye alimchapa mwanawe kwa kudanganya kuhusu kipande cha sukari, aliwezaje kuwadanganya watu wote hao, akae kiti cha mbele, alie? Pindo alisikia hasira ikipanda, kisha ikaja huruma, kisha hasira tena, na hakujua amshike nani shati, maana wote wamekufa.

Katibu akagonga. Alikuwa amerudi, na Pindo alijua amerudi kwa sababu ya njaa ingawa angesema ni kwa sababu ya nchi. Alipoingia aliona koti limelala vipande vipande.

"Dada," alisema. "Umelichinja."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, lakini tazama hapa."

Alisoma ukingo. Akausoma tena akiufuata kwa kidole. Akasema labda mama alilitia kiraka.

"Kiraka cha mgongo wote? Na mikono? Na kola?"

"Dada, usiniambie habari za mgongo. Mimi nilikuwepo." Akauachia ukingo. "Wewe ulikuwa kwa shangazi, unakunywa chai. Mimi nilikuwepo. Nilishika gauni lake njia nzima. Tumbo lilikuwa hapa, usawa wa kichwa changu. Tukipumzika nililiegemea. Lilikuwa la moto. Hata liliwahi kunipiga teke, nikamwambia mama, akanishika kichwa akaniambia..."

Mkono wake ulikuwa bado hewani, pale alipokuwa akionyesha urefu wa tumbo.

Mashine ya kusaga ilisikika kutoka mtaa wa pili. Pindo aliona uso wa mdogo wake unabadilika kuwa wa mtoto mdogo, na akaogopa kuuliza, lakini akauliza.

"Baada ya mpaka mlilala wapi?"

"Nyumba ya watu. Siwajui. Mama alikuwa anaumwa. Kuna mwanamke alinitoa nje, akasema nicheze. Nilicheza sana. Tulikaa pale siku nyingi."

"Na mlipoondoka?"

"Hakuwa na tumbo. Nikamuuliza. Akasema amelitoa koti, liko ndani ya mfuko."

"Uliliona?"

"Nilikuwa mtoto, dada."

Sasa alikaa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akachukua kipande cha mgongo akakiweka mapajani. Pindo alimkumbuka mama kiti cha mbele, akilia, na makofi yakipigwa, mwaka baada ya mwaka, na yeye mwenyewe Pindo akiwa miongoni mwa wapigaji. Alijaribu kufikiri mama aliambiwa nini na nani. Labda watu walimwona ametoka na tumbo na amefika bila tumbo, wakahitaji sababu. Labda walihitaji koti, naye akahitaji kitu cha kujibu. Labda yeye ndiye aliyeanza, labda Mzee. Jambo usilolijua ni kama usiku wa giza, na hakukuwa na mtu hai wa kuwashika mkono.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?" aliuliza Katibu.

"Sijui."

"Wamemzika wapi?"

"Sijui, mdogo wangu. Sijui lolote."

Katibu alilia bila sauti, mdomo wazi. Pindo alimshika begani, naye akilia, na hakuna aliyemtaja Spika. Kisha Pindo aliinuka, akatafuta uzi wa samawati kwenye kopo la mama, akatunga sindano, kwa mkono, si kwa cherehani. Mdogo wake alimshikia vipande visiteleze. Walilirudisha koti kama lilivyokuwa, mshono kwa mshono, bila kupunguza ubavuni wala kuongeza kifuani, likawa halimfai mfupi wala pande la mtu.

Bawabu alirudi jioni akiwa na funguo zake, akawakuta wamekaa, macho mekundu. Akatazama koti, akamtazama shemeji yake, akauliza kwa sauti ya chini, "Makamu anauliza litakuwa tayari lini?"

"Mwambie kesho," alisema Pindo.

"Na Spika naye nitamwambia kesho," alisema Katibu, akaenda kunawa mikono.

Viapo vikaliwa viwili, kumbi mbili, bila koti. Kila upande ulitoa tangazo kwamba Koti la Kiapo liko kwa fundi, linarekebishwa kwa ajili ya rais halali. Na hakuna upande ulioweza kuukanusha mwingine, kwa kuwa kweli liko kwa fundi. Bado liko kabatini, mlango umekabwa na kitambaa. Nani ni rais, ukimuuliza Pindo atakuambia hajui, na si maneno ya kukwepa. Hajui. Wanaume wake wawili wanaendelea kubishana mezani kuhusu muda, ila siku hizi Katibu anabisha kwa sauti ndogo, na mara nyingine anaacha katikati ya sentensi akaomba chumvi.

Juzi alikuja mteja mgeni, mwanamke mchangamfu, kushonesha gauni la uzazi. Alimkuta Katibu amekaa anasubiri chakula, akaona wanavyofanana na fundi, akauliza kama watu wanavyouliza, "Ni ndugu nyie? Kwenu mmezaliwa wangapi?"

Pindo alisimamisha mguu kwenye cherehani, akangoja ule utani.

"Watatu," alisema mdogo wake.

Mteja akauliza huyo wa tatu yuko wapi. Katibu alitazama kabatini, halafu akamtazama dada yake, na Pindo akainua tepu, akamwambia yule mwanamke ainue mikono.